Papai, Kunde na Macho ya Mama Mkwe Wangu

Wateja wangu pale sokoni Lodwar walikuwa na swali moja wasilochoka kuliuliza. Mtu anasimama mbele ya meza yangu, anabonyeza papai kwa kidole gumba, kisha anageukia mafungu ya majani ya kunde na kusema, "Mama, kati ya hii na hii, ni gani iko na vitamini mingi?" Nami nilijibu kulingana na kile kilichokuwa karibu kuoza. Papai likianza kulainika, vitamini zote zilikuwa kwenye papai. Kunde zikianza kulegea chini ya gunia nililolilowesha maji, nilizisifu kunde mpaka mtu anaona haya kuondoka bila fungu. Ukiuza vitu vibichi katika joto la Turkana, huwezi kuwa mkweli kupita kiasi halafu ule.

Mimi ni mtu wa upande wa Kitale. Niliolewa na Mturkana, dereva, na mwaka huo wa 2012 alikuwa amepata kazi ya kuendesha gari la wakandarasi wa mafuta kule Lokichar. Tulipanga chumba kimoja Lodwar. Yeye alikuwa akija mara moja moja, amejaa vumbi na furaha ya mshahara, na mimi nilibaki na meza yangu sokoni. Lori la mboga likifika kutoka Kitale, nilichukua sehemu ya mzigo nikaipeleka Kakuma, kwa sababu watu wa kambi ya wakimbizi walinunua majani haraka kuliko watu wa Lodwar. Nikishauza, nilivuka laga, ule mto wetu ambao mwaka mzima ni mchanga mtupu, nikaenda kulala bomani kwa mama mkwe. Asubuhi yake nilirudi Lodwar.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, shingo imejaa shanga na shavu limejaa tumbaku. Ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umemmalizia mifugo, akabaki na mbuzi wachache ambao maziwa yao yaliishia kwa watoto. Yeye aliishi kwa mahindi ya msaada, maharagwe na chai ya rangi. Alikuwa pia akikata kuni na kuzipeleka kambini, akalipwa bakuli la nafaka. Tuliongea kwa Kiturkana changu kibovu na Kiswahili chake kibovu zaidi, na tulielewana vizuri kuliko mimi na dada zangu. Jambo moja tu hatukukubaliana. Nilipomletea sukuma wiki kwa mara ya kwanza, aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama, akanitazama mimi, akauliza, "Mimi ni mbuzi?"

Nilicheka, nikawapa mbuzi. Walifurahi sana.

Ilikuwa mwezi wa kumi, jioni moja, nilipogundua. Mbuzi walikuwa wakirudi na mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake pale mlangoni pa boma, mahali pembamba ambapo mbuzi hupita mmoja mmoja. Kila aliyepita alipitishwa chini ya mkono wake: kichwa, sikio, pembe, mgongo. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo wiki nyingi, nikidhani ni mapenzi. Watu wa huko wanapenda mbuzi wao, sikuona ajabu yoyote. Nilimpelekea kikombe cha chai. Alinyoosha mkono akashika hewa, kando kabisa ya kikombe. Nikakisogeza kikombe upande wa pili bila kusema kitu. Mkono wake haukukifuata. Ulibaki pale pale ukingoja.

Mchana mama huyu aliweza kuona mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Nilijua, kwa sababu alinitoa mimi mwenyewe miiba mingi. Lakini jua likishazama, hata kabla giza halijashika, yeye alikuwa amekwisha kufungiwa nje. Nilichuchumaa mbele yake nikamwekea kikombe mkononi. Alikishika kwa mikono miwili, akasema, "Hapana ambia mtoto yangu."

Nilielewa mara moja alichokuwa akiogopa. Mume wangu alikuwa na ndoto moja kubwa tangu apate kazi: kumtoa mama yake pale porini na kumleta mjini. "Mama yangu hawezi beba kuni kama mimi niko na kazi," alikuwa akisema, na alipolisema neno hilo sauti yake ililainika. Huwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Kitu pekee kilichomzuia ni kwamba mama bado alijimudu. Siku atakapojua kwamba mama haoni mbuzi wakirudi, mbuzi watauzwa, boma litavunjwa, na mama ataletwa Lodwar akitaka asitake.

Na mama mkwe alijua Lodwar inafanyaje watu. Kulikuwa na mama wa rika lake, jirani yake wa miaka mingi, ambaye watoto wake walimchukua wakamweka mjini kwenye nyumba nzuri ya mabati. Mama mkwe alimtembelea mara moja. Alimkuta kwenye kiti cha plastiki mlangoni, safi, ameshiba, anatazama pikipiki zikipita. Walikaa pamoja tangu asubuhi hadi jioni. "Yeye hapana uliza mimi kama mvua ilinyesha," mama mkwe aliniambia, na aliposema hivyo alijishika kifuani. Katika maisha yao yote, hakuna siku walikuwa wamekutana bila kuulizana habari ya mvua.

Nisijifanye mtakatifu. Chumba chetu cha Lodwar kilikuwa kimoja, na mimi nina mdomo, na yeye alikuwa na mdomo. Lakini hilo halikuwa jambo lililonisukuma. Nilimwona akikishika kile kikombe kwa mikono miwili kama mtoto, nikasikia uchungu, nikamwambia sitasema.

Kesho yake nilimpeleka zahanati mchana, tukisingizia kwamba ni mimi ninayeumwa na kichwa. Muuguzi alikuwa kijana wa Kiturkana, mpole, akamwangalia macho kwa kurunzi, akamuuliza anakula nini. Akacheka kidogo kwa huruma. Aliniambia kutoona jioni namna hiyo mara nyingi ni njaa ya macho: tumbo limejaa mahindi, lakini macho hayajapewa chao. Chakula chao kiko kwenye maziwa, kwenye ini, kwenye matunda yenye rangi ya machungwa ndani, na kwenye majani ya kijani iliyokolea. Vidonge alivyokuwa navyo kabatini vilikuwa vya watoto wadogo. Akasema tujaribu chakula, na baada ya miezi michache tusipoona nafuu nimpeleke hospitali Lodwar akapimwe vizuri.

Aliposikia habari ya ini kwa Kiturkana, mama mkwe alimkodolea kijana wa watu macho. "Nichinje mbuzi ndiyo nione mbuzi?"

Basi nikabaki na papai na kunde. Na pale, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nililiuliza swali la wateja wangu na nikataka jibu la kweli. Muuguzi alilipima swali vizuri. Kunde zinazo zaidi, alisema, tena mbali sana. Lakini zimekishikilia kile kitu. Zinataka zipikwe kidogo, na mafuta yawepo, ndiyo zikiachilie. Papai linacho kidogo kuliko kunde, ila lenyewe linakitoa bila ubishi. Ukilimeza tu, tumbo linajichukulia. "Na yeye hana meno mengi," akaongeza, "kwa hivyo ni wewe utaangalia."

Nikaangalia. Nikachagua papai. Mambo ya mtu asiye na meno, anayechukia majani, nilidhani hata mtoto angejua jibu.

Mapapai ya kando ya mto Turkwel ni madogo lakini matamu sana, na nilimchagulia yale ambayo ningeweza kuyauza kwa mtu wa ofisi bila kupunguza bei. Nikayafunga kwenye leso, nikayabeba mapajani njia nzima mpaka Kakuma yasipondeke. Mama mkwe aliyapokea kwa heshima. Wiki iliyofuata nikamuuliza, "Ulikula?" Akasema, "Tamu." Wiki ya tatu nikafika mapema kuliko kawaida nikawakuta wajukuu wake na watoto wa majirani, ambao sikuwahi kuwatofautisha kwa sababu wote walimwita bibi, midomo yao ina rangi ya machungwa mpaka puani. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi katikati yao akilamba ganda.

Nilifoka. "Mama, hiyo ni dawa yako!" Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ale mbele ya maiti. Kwao mtu mzima hawezi kutafuna kitu kitamu huku mtoto anamtazama. Sio kwamba anakatazwa; hakishuki tu. Nikajaribu kumsimamia, nikamkata vipande nikamlisha mbele ya macho yangu. Alitafuna kwa utiifu. Nilipogeuka kidogo tu kuchukua maji, kipande kilichobaki kilikuwa tayari kwenye shavu la mtoto, na mtoto amesimama wima ameziba mdomo kwa mkono, macho yamemtoka.

Nikahamia kwenye kunde. Nilimweleza waziwazi kwamba ni majani au ni Lodwar. Alifikiria, akatema tumbaku, akasema, "Leta majani." Nikamletea mafungu ya kunde zilizokolea, na chupa ya mafuta ya kupikia. Kila wiki nilipouliza kama amekula alisema amekula zote, na alikunja uso kwa namna ambayo iliniridhisha. Mtu hawezi kuigiza uso ule. Lakini kila jioni aliketi tena kwenye kigoda chake na kuwapitisha mbuzi chini ya mkono, na kila nilipompa kikombe, mkono wake ulikitafuta kwanza angani.

Krismasi ikafika, na mume wangu akaja. Alileta blanketi, sukari na tumbaku, akafika saa sita mchana, na kwa bahati yetu alitakiwa kurudi Lokichar siku hiyo hiyo. Mama mkwe alimpokea kwa vigelegele, akamkemea kwa kukonda, akamwambia tumbaku hiyo ni ya watu wa mjini, haina nguvu. Mchana wote alikuwa mwenye macho kuliko sisi sote. Lakini mume wangu aliona kovu bichi kwenye paji la uso wake, mahali alipoingia kwenye ua wa miiba, na jirani mmoja mwenye maneno mengi alikuwa amemwambia kwamba bweha alichukua mwanambuzi miguuni pa mama yake wakati wa magharibi, na mama hata hakuokota jiwe.

Alinivuta pembeni kabla hajaondoka. "Mama yangu anaona vizuri?"

"Si umemwona mwenyewe? Ameona hata tumbaku yako ni mbaya."

Hakucheka. "Pasaka nitakuja nilale hapa," akasema. "Nitakaa na yeye mpaka mbuzi waingie. Kama haoni, siwezi muacha. Nitakuja na gari ya kubeba vitu." Macho yake yalikuwa yamelowa. Aliingia garini haraka, akaondoka kabla jua halijalala upande wa Uganda.

Januari biashara ililala. Watu walikuwa wamemalizia pesa kwa karo, na mapapai yalioza mezani huku nikiyasifu bure. Nikaamua kukaa bomani siku chache. Ndipo nilipoona kunde zangu zikipikwa.

Mama mkwe aliteleka sufuria asubuhi. Maji yalipochemka akatia kunde, akaziacha zitokote mpaka maji yakawa ya kijani kabisa, kisha akayamwaga mchangani. Akatia maji mengine. Akachochea kuni. Yakageuka rangi, akamwaga. Nikadhani anaziosha. Akatia maji mengine tena. Jua lilifika utosini, likaanza kuteremka, na mama yule bado anachemsha na kumwaga, kwa uangalifu, bila haraka, akionja maji kwa ncha ya ulimi kila mara. Mwishowe alipozipakua zilikuwa za kijivu, zimelegea kama tambara la kupangusia meza. Akaanza kuzimeza huku amekunja uso ule ule nilioujua.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Miezi yote ile! Nilisema maneno mengi, kwa Kiturkana, kwa Kiswahili, na mengine kwa lugha ya mama yangu ambayo hakuna aliyeielewa pale, nashukuru. Mchanga ule ulikuwa umekula vizuri kuliko yeye, nilimwambia. Ardhi hii sasa inaona usiku!

Alingoja mpaka nikamaliza. Kisha akainuka, akaingia kibandani, akarudi na mfuko wa ngozi, akanimiminia mkononi matunda makavu madogo, ya mviringo. Ilikuwa edung, tunda la kichaka kinachobaki hai wakati kila kitu kimekufa. Ni chungu kiasi kwamba huwezi kulila mpaka lichemshwe siku nzima na maji yamwagwe tena na tena, hadi uchungu wote uondoke. Wakati wa ukame, hilo ndilo lililowavusha. "Mama yangu alifundisha mimi," alisema. "Maji ya kwanza, mbaya kabisa. Ya pili, tumbo nauma sana. Wewe namwaga mpaka ulimi nasema basi." Mwanamke mwenye haraka aliua watoto wake. Na kunde zangu zilikuwa za kijani, tena chungu. Alikuwa amezipa uangalifu wote ambao mama yake alimpa kwa ajili ya kubaki hai.

Hasira yangu haikuwa na mahali pa kukaa. Nilikumbuka mama yangu mimi, kule Kitale, akimwaga maji ya managu, mboga yetu chungu, dirishani ili watoto tusilalamike, na hakuna aliyempigia kelele. Nikauliza chupa ya mafuta iko wapi. Akanionyesha ngozi anayolalia. Ilikuwa laini, inang'aa kwa mafuta yangu, sijawahi kuona ngozi nzuri vile. Nilianza kucheka, naye akacheka, tukacheka mpaka watoto wakaja kutazama.

Nikampikia mwenyewe, upesi, na mafuta kidogo. Alitia mdomoni akatema. Haikuwa ukaidi. Koo lake lilikataa maji ya kijani ambayo hayajamwagwa, na hakuna neno la muuguzi lingeweza kulishawishi. Pasaka ilikuwa ikija na mimi nilikuwa nimeishiwa.

Siku mbili baadaye alikuwa apeleke kuni kambini, nikamsindikiza kumpunguzia mzigo. Mteja wake alikuwa mama kutoka Sudan Kusini, mjane mnene mwenye sauti ya kanisani, aliyekuwa akiuza chai karibu na bomba la maji. Kwenye tope linalobaki pale maji yanapomwagika alikuwa amepanda kudra, majani yanayoteleza kama mrenda wetu. Yeye na mama mkwe hawakuwa na lugha. Mmoja Kiturkana, mwingine Kiarabu cha Juba, na katikati maneno machache ya Kiswahili yanayozunguka zunguka. Lakini walikuwa na tumbaku, na walikuwa na uzee. Kuni zikawekwa chini, wakaketi, wakagawana tumbaku, wakanyamaza kwa raha kabisa.

Chungu kilikuwa jikoni. Mama wa Sudan alikuwa amepika kunde na kudra, zimepondwa zikawa laini, akakoroga ndani karanga zilizosagwa mpaka zikawa nzito na za rangi ya hudhurungi. Akapakua bila kuuliza, kwa sababu kwake hakuna mtu anayekaa wakati chungu kimeiva halafu aondoke hivi hivi. Mama mkwe akachukua kijiko. Nilitazama pembeni nikingoja atapike. Sikusikia kitu. Nilipogeuka alikuwa akikwangua bakuli.

"Mama," nilisema, "unakula majani."

"Hii hapana majani," akanijibu bila kuinua kichwa. "Hii ni karanga."

Sikumbishia. Chungu hakikuwa chake, kwa hiyo maji hayakuwa ya kwake kuyamwaga. Kukataa chakula cha rafiki ni tusi. Na hapakuwa na mjukuu hata mmoja wa kumtazama mdomoni. Nilimvuta mama wa Sudan nyuma ya nyumba, nikamweleza habari yote ya macho, ya mwana na ya Pasaka, kwa maneno na kwa mikono. Alisikiliza akitikisa kichwa. Aliposikia habari ya kuondolewa kwenye boma lake akaacha kutikisa. Yeye alikuwa ameondolewa kwake zaidi ya mara moja. "Wewe leta kunde, leta karanga," akasema. "Mimi tapika. Yeye takula, mimi taangalia mdomo yake."

Basi ikawa hivyo. Kila safari nilipitia kwa mama wa Sudan kwanza, nikamwachia mzigo, na kila siku ya kuni mama mkwe alilishwa. Safari moja nikaongeza papai, nikifikiri kwamba huko hakuna mtoto, basi atalila. Alilipokea, akalisifu, akalifunga kwenye nguo yake, akavuka nalo laga mpaka kwa wajukuu. Kunde hakuna aliyemwomba. Hakuna mtoto aliyewahi kumlilia bibi yake kwa ajili ya kunde. Hapo ndipo lile swali la wateja lilipopata jibu kwangu, ingawa sikuwahi kuliuza sokoni: papai lilikuwa tamu mno kumfikia yule mama. Kunde zilifika kwa sababu hazikutamaniwa na mtu mwingine.

Lakini sikujua kama zinafanya kazi. Mama mkwe hakusema lolote na mimi niliogopa kumpima. Jioni bado aliketi kwenye kigoda na mkono wake bado uliwapitia mbuzi. Mara moja mkono ulikipata kikombe bila kukitafuta, lakini nilikuwa nimekohoa, labda alifuata sauti. Halafu mwezi wa uchaguzi ukaingia, malori yakabaki Kitale kwa woga, na meza yangu ikakaa tupu. Sikuweza kupeleka kunde hata fungu moja. Nilipofika Kakuma baadaye nikakuta kitalu cha kudra pale kwenye bomba kimechumwa chote, hata mashina yamenyolewa. Mama wa Sudan aliponiona nakitazama alisema tu, "Kwais," yaani ni sawa, akaenda kuwasha moto.

Mume wangu alifika Jumamosi ya Pasaka alasiri, na gari kweli lilikuwa na nafasi nyuma. Kulikuwa na kamba mpya. Aliketi na mama yake juu ya ile ngozi laini, nje ya kibanda, wakaongea habari za watu na za mvua. Mimi nilijifanya nina kazi ng'ambo ya pili ya boma, nikaegemea ua, nikalitazama jua kama mtu anayemtazama mdai akija. Likazama. Rangi ikatoka kwenye vilima, kisha ikatoka kwenye mchanga. Nikasikia mbuzi.

Mama mkwe hakwenda kwenye kigoda. Alibaki pale pale karibu na mwanawe, mikono imetulia mapajani. Nilijiambia amechoka kujificha. Amekubali. Mbuzi wakamiminika ndani wakisukumana, vumbi likapanda, na hakuna hata mmoja aliyeguswa. Wavulana wakavuta tawi la miiba kuziba mlango. Shanga za shingoni mwake sikuweza tena kuzitofautisha rangi kutoka pale nilipokuwa.

Mume wangu alimwinamia. Sauti yake ilikuwa ya upole mno, sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. "Mama, wameingia wote?"

Nilishika mti wa ua mpaka mwiba ukaniingia.

"Bado," akasema. Akainua mkono, akaunyoosha mbali, kupita ua, kupita njia, hadi kwenye kichaka ambacho mimi niliona ni giza tupu. "Ile nyekundu, ya pembe moja. Iko pale inakula. Hao watoto hawana macho?"

Mume wangu akasimama, akakaza macho kule, akakaza tena. "Sioni kitu," akasema, lakini akaenda. Tukamsikia akipita kwenye kokoto, kisha akacheka kwa sauti kubwa, kisha mbuzi akalia. "Kumbe mama unanishinda!" akaita kutoka huko gizani, na tukamsikia akianza kumkokota.

Nilikuwa upande wa pili wa boma, mbuzi wote wako kati yetu, na sikuwa nimetoa sauti yoyote. Nina hakika na hilo, kwa sababu nilikuwa nimeuma leso. Mama mkwe aligeuza uso wake pole pole mpaka ukanielekea mimi moja kwa moja.

"Wewe," akaniambia kwa sauti ya chini, "panguza machozi. Mtoto yangu nakuja, taona wewe."